Mmea wa tindiga kwenye ua wa Issenye

Kwa mkulima wa Issenye, jina ndago halina sifa njema. Ndago hutangulia kuota mvua zinapoanza, kabla mtama haujatoa jani la pili, na ndiyo inayobaki palizi ikiisha. Ukiivuta inakatika. Ukiikata kwa jembe, chini kunabaki mnyororo wa viazi vidogo vyeusi, na kila kiazi kilichotenganishwa na mwenzake huamka na kuwa mmea mpya. LeRoy Holm na wenzake walipotoa kitabu chao kuhusu magugu mabaya zaidi duniani, mwaka 1977, waliiweka ndago, Cyperus rotundus, katika nafasi ya kwanza. Sidhani kama kuna mtu wa Wilaya ya Serengeti anayelima kwa mkono atakayewapinga.

Kumwambia mtu huyo kwamba katika ukoo huohuo wa ndago ndimo ulimo mmea bora wa mapambo kwa ua wake kunahitaji ujasiri. Nasema hivyo hata hivyo, kwa sababu naona nyua zetu zimepambwa kwa waridi linalonyauka kila Agosti na kwa nyasi za kununuliwa zinazodai maji safi, ilhali mmea wa kwetu, usiokufa kwa maji ya kuoshea vyombo, unaachwa mtoni kama kitu kisicho na thamani.

Ukoo wenyewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Cyperaceae, una zaidi ya aina 5,000 duniani, na kuutambua hakuhitaji darubini. Shika shina, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la nyasi ni la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi lina uwazi ndani. Shina la jamii ya ndago kwa kawaida lina pembe tatu unazozihisi mara moja. Halina vifundo, na ndani limejaa uboho mweupe mwepesi. Majani nayo hutoka katika safu tatu. Mtoto wa darasa la tatu akionyeshwa mara moja hasahau tena.

Aina inayopendwa zaidi majumbani ni Cyperus involucratus. Hutoa mashina membamba ya kijani yenye urefu wa nusu mita hadi mita moja na nusu, na juu ya kila shina majani marefu hutandaa pande zote sawasawa na mwavuli uliofunguliwa. Nitaiita ndago ya mwavuli. Mtaalamu wa mimea Rottbøll aliipa jina lake la kisayansi mwaka 1772, na kwao ni Afrika, Madagaska na Uarabuni. Wauzaji wengi wa miche bado huiita Cyperus alternifolius. Kwa hiyo mmea unaokaa dirishani katika sebule za Ulaya ni mzaliwa wa kingo za mito kama ya kwetu. Mdogo wake ni Cyperus prolifer, wa mwambao wa Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika, ambaye hutosha katika beseni. Mkubwa wao ni mafunjo, Cyperus papyrus, anayefika mita nne na hata tano. Huko Marekani kuna mafunjo yanayouzwa kwa jina la King Tut kwa ajili ya bustani za kiangazi. Baridi kali ikija yanakufa, na mwenye bustani hurudi dukani mwaka unaofuata kununua mengine.

Sisi wa Mkoa wa Mara tunayaona bure. Anayesafiri kutoka Musoma kwenda Tarime huvuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, na pale huona mafunjo yametanda kijani kibichi hadi macho yachoke. Mto huo umetoka mbali, kwenye misitu ya Mau nchini Kenya. Umepita Maasai Mara, ukapita kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kabla ya kuingia Ziwa Victoria, baada ya safari ya takriban kilomita 395, unalazimika kupenya katika mafunjo hayo. Humo maji hupunguza mwendo, tope hutulia, na mizizi hunyonya naitrojeni na fosforasi iliyotoka mashambani na kwenye mazizi. Tangu miaka ya 1970 tindiga hilo limepanuka, na tope linaloshuka kutoka kwenye ardhi iliyokatwa miti huko juu linatajwa miongoni mwa sababu zake. Machi 2022 maji ya eneo hilo yalibadilika rangi na samaki wakafa, nchi nzima ikazungumzia Mto Mara kwa wiki kadhaa. Wakazi wa kando yake wanaijua thamani ya mafunjo tangu zamani, kwa mikeka, kwa kuezekea, kwa mitego ya samaki na kwa kuni za dharura.

Mmea uliozoeleka kiasi hicho huonekana kama hauwezi kwisha. Misri ilidhani hivyo. Nchi iliyoyafanya mafunjo kuwa karatasi kwa maelfu ya miaka ilifika mahali ambapo hayakuonekana tena kandokando ya Nile yake. Katika miaka ya 1960 Hassan Ragab, mhandisi aliyewahi kuwa balozi, alilazimika kuleta mizizi kutoka Sudan na kuipanda upya karibu na Cairo ili karatasi ya mafunjo itengenezwe tena. Kampala nako tindiga la Nakivubo, lenye mafunjo yanayopokea majitaka ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Victoria, limekuwa likimegwa kwa mashamba na majengo mwaka baada ya mwaka.

Lakini Issenye si Kirumi. Huku tuko upande wa mbuga na vilima, karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, jirani na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliyotangazwa mwaka 1994. Mvua zikikoma mwishoni mwa Mei, Juni hadi Oktoba ni miezi ya vumbi. Vijito vidogo hukauka, malambo hupungua, na maji ya nyumbani hubebwa kichwani. Kumwomba mama aliyetoka kisimani na ndoo amwagilie mapambo ni kumkosea adabu. Mtu yeyote anayeandika kuhusu bustani kwa watu wa hapa akikwepa jambo hilo, anaandikia watu wengine.

Jibu limo katika tabia ya mmea wenyewe. Ndago ya mwavuli haidai maji safi, inadai yasikauke. Maji yaliyosuuzia mboga, yaliyooshea vyombo kwa sabuni ya mche, au yaliyonawiwa mikono wageni walipokula, yote inayapokea. Mimea mingi ya chungu hufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi kwa kuwa mizizi hukosa hewa. Jamii hii ina njia za hewa ndani ya mashina na mizizi yake, ndiyo maana huweza kusimama miguu majini mwaka mzima bila kuoza. Yasipelekwe maji yenye jiki wala yenye chumvi nyingi, kwa sababu ncha za majani huanza kugeuka kahawia na baadaye shina zima hufuata. Mafuta na mabaki ya ugali yachujwe kwanza kwa kitambaa, la sivyo harufu itawafukuza wenye nyumba kabla mmea haujastawi.

Kwa kuanzia chombo chochote kisichovuja kinatosha: karai, ndoo ya rangi iliyokatwa, beseni lililozibwa, hata tairi kuukuu lililotandikwa nailoni nzito. Ndani yake weka chungu au kopo lenye matundu, na ndani ya kopo udongo. Hapa mtu wa Issenye ana bahati. Udongo mweusi wa mbuga, unaowaudhi wajenzi kwa kuvimba masika na kupasuka kiangazi, ndio mmea huu unaoupenda, kwa kuwa hushika maji na chakula. Changanya sehemu mbili za udongo huo na moja ya mchanga wa mtoni, ongeza samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, ikae kavu mkononi na isitoe tena harufu ya zizi. Samadi mbichi huunguza mizizi na kugeuza maji kuwa ya kijani. Juu funika kwa kokoto ili udongo usielee.

Kabla ya kuweka udongo huo, upekue kwa vidole. Ndago ya shambani husafiri kwa udongo na kwa samadi, na ukiiingiza kwenye chungu chenye unyevu wa kudumu umeitengenezea pepo. Viazi vyake vyeusi viondolewe vyote, vianikwe juani kwenye bati mpaka vikauke kabisa, au vichomwe. Visitupwe kwenye mboji hata kimoja.

Kuzalisha ndago ya mwavuli ni kazi ninayowashauri walimu wawape wanafunzi, maana huonekana kwa macho na haihitaji gharama. Chagua shina lililokomaa lakini bado la kijani. Likate ukiacha kipande kifupi cha shina, urefu wa kidole, chini ya ule mwavuli. Kisha punguza majani ya mwavuli kwa mkasi mpaka yabaki sentimita mbili au tatu. Sasa ugeuze juu chini, uuweke katika kikombe cha maji, kichwa kikiwa ndani ya maji na kishina kikitazama angani. Wengi huufanya kinyume, wakasubiri bila kitu. Katika maumbile, shina likizeeka huinama mpaka mwavuli ukagusa maji, na hapo kwapani mwa majani ndipo chipukizi na mizizi hutoka, nasi tunauiga mwendo huohuo. Badilisha maji kila baada ya siku chache. Wiki chache baadaye mizizi myeupe itaonekana, na machipukizi ya kijani yatasimama juu yake. Yakifika urefu wa kiganja yahamishie kwenye udongo, uyaweke kivulini kwa wiki mbili za mwanzo, halafu yazoee jua polepole. Mmea uliokwishashika mizizi hustahimili jua la mchana kutwa, mradi chini kuna maji.

Mafunjo makubwa hayafuati njia hiyo kwa uhakika. Huzalishwa kwa kugawanya shina la chini, lile nene linalotambaa, kila kipande kikiwa na angalau chipukizi moja lenye afya. Yanahitaji nafasi na kina. Kwa ua wa kawaida wa Issenye naona ni makubwa mno, isipokuwa kwa mwenye lambo lake. Akiyapanda huko ayapande upande mmoja tu, ng'ombe wakiachiwa upande wa kunywea, na ayawekee uzio wa matawi ya miiba mpaka yakomae. Ng'ombe na mbuzi hupenda machipukizi yake laini, na wakiyala yote mfululizo shina la chini huchoka na kufa.

Utunzaji wa kila siku ni mdogo. Shina moja haliishi miaka mingi. Likianza kuwa manjano, likate chini kabisa, usawa wa udongo. Kulikata katikati ni bure, kwa kuwa halichipui pale lilipokatwa, na kinabaki kisiki kinachooza katikati ya wenzake. Mashina mapya hutoka ardhini. Ukiona mmea mzima umekuwa manjano kwa pamoja ilhali maji yapo, mara nyingi umemaliza chakula. Mpe kiganja cha samadi iliyooza, uizike chini ya kokoto. Ukiona ncha tu zimekauka, tazama maji: ama yalikatika siku kadhaa, ama kisima kina chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, hata ndoo moja tu kwa mwezi, husafisha chumvi iliyojikusanya.

Kuna hatari moja ambayo haifai kupuuzwa katika mkoa wenye malaria. Maji yaliyosimama wazi ni nyumba ya mbu, na yai la mbu wa malaria huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo jaza kokoto kwenye karai mpaka zipite usawa wa maji. Mmea utakunywa, na mbu hatapata uso wa maji wa kutagia. Asiyekuwa na kokoto za kutosha amwage na kubadilisha maji kila wiki bila kukosa, na mwenye bwawa dogo aweke perege, ambao hula viluwiluwi vya mbu. Kama hakuna lolote kati ya hayo linalowezekana, ni heri kutokuwa na karai hilo kabisa. Hakuna pambo lenye thamani ya homa ya mtoto.

Kokoto hizo ndizo zinazotupeleka kwenye matumizi ninayoyaona makubwa zaidi kwa kijiji. Nyumba nyingi zina bafu la nje, na maji yake hutiririka nyuma ya ukuta, yakafanya tope ambalo kuku na watoto hulikanyaga. Pale panaweza kuwa bustani. Chimba shimo refu jembamba, kama mita mbili au tatu kwa moja, kina cha nusu mita, likiinama kidogo kutoka bafuni. Litandike turubai nzito au ulisiribe kwa udongo wa mfinyanzi uliokandamizwa. Mwanzoni weka mawe makubwa yapokee mapovu na nywele, sehemu iliyobaki jaza kokoto, na mwishoni weka bomba linalotoa maji likiwa chini kidogo ya uso wa kokoto, ili maji yasionekane juu. Panda ndago ya mwavuli kila baada ya nusu mita. Mizizi yake hutawanyika katika kokoto, na bakteria waishio kwenye kokoto na mizizi hula uchafu wa sabuni na jasho. Maji yanayotoka mwisho yaende kwenye migomba au mipapai. Yasimwagiliwe mchicha wala nyanya za kuliwa mbichi, na shimo liwe mbali na kisima, upande wa chini yake. Maji ya choo yasiingizwe humo kamwe; hayo yanahitaji mhandisi.

Si jambo la kubahatisha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na kundi la watafiti wa ardhioevu za kutengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakitumia zaidi matete na mimea mingine ya majimaji. Nairobi, ardhioevu ya aina hiyo ilijengwa mwaka 1994 kusafisha majitaka ya mgahawa wa Carnivore, na ikawa pia makao ya ndege. Tofauti ya Issenye ni ukubwa tu. Shule yenye mabafu ya bweni ingeweza kuchimba shimo kubwa kuliko la nyumbani, chini ya usimamizi wa afisa afya wa wilaya.

Anayeona jamii ya ndago haiwezi kuwa na cheo aende kusini mwa Hifadhi ya Serengeti, kwenye zile nyanda za nyasi fupi ambako nyumbu huzaa. Udongo wake ni wa majivu ya volkano, na sehemu ya zulia lile la kijani si nyasi. Ni Kyllinga nervosa, ndago fupi inayotambaa, yenye kichwa kidogo cha mviringo. Samuel McNaughton wa Chuo Kikuu cha Syracuse na wenzake waliiotesha, wakaikata mara kwa mara kama inavyokatwa na meno ya wanyama, wakaipima kwa maji na naitrojeni za viwango tofauti, na matokeo wakayachapisha mwaka 1983. Mamilioni ya watalii wamepiga picha za nyumbu wakiila. Ndugu zake wa jamii ya Kyllinga huota wenyewe kwenye njia zenye unyevu na kando ya mabomba ya kijiji. Mwenye kutaka uwanja mfupi wa kijani mahali penye unyevu aitazame kwanza ile iliyopo chini ya miguu yake.

Suala la mwisho ni mahali pa kupata mbegu. Ndani ya hifadhi na mapori ya akiba kung'oa mmea ni kosa, hata ukiwa mmoja. Kandokando ya mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na sababu yake ni hiyohiyo iliyonifanya niusifu mmea huu: mizizi ndiyo inayoshika kingo. Sisi wa magharibi mwa Serengeti tuna sheria nyingine ya zamani kuliko hiyo. Wazee hukumbuka chemchemi na vilima ambavyo ni makao ya emisambwa, mizimu ya nchi, pasipokatwa kitu. Masimulizi ya Waissenye huitaja Nyeberekera, makao yao ya kale, ambayo leo yamo ndani ya hifadhi, na mtu wa hapa hahitaji kuelezwa maana ya mahali pasipoguswa. Kwa hiyo mbegu ziombwe kwa mwenye ua tayari, au zinunuliwe kwenye kitalu mjini. Mwavuli mmoja uliokatwa kwa mkasi hauuondolei mmea mama chochote, na hubebeka hata kwenye bodaboda ukifungwa katika kitambaa kibichi.

Baada ya miaka miwili au mitatu chungu hujaa, mashina ya katikati hudhoofika na mapya hujibana pembeni. Huo ndio wakati wa kugawanya, na mwezi wake kwa hapa ni Oktoba, kabla vuli haijashika. Toa mmea wote, ukate kwa panga vipande vitatu au vinne, sehemu ya katikati iliyozeeka uiweke kwenye mboji, na vipande vya pembeni uvipande upya siku hiyohiyo, mizizi isipigwe na jua.